Mshike Mpaka Atulie

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba nimesimama uani nimeshika kuku, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda ananitazama. Mama Nambua, mama wa mke wangu, yuko kwetu tangu juzi. Ametoka Usangi kuja kutujulia hali. Katika ndoto amevaa koti lake la kanisani. Mimi sijawahi kuchinja hata siku moja, ila nimeshamwambia kwamba kwetu ni mimi ninayechinja.

"Kisu kiwe kikali," ananiambia.

Kinakuwa kikali. "Simama vizuri!" kinanifokea. "Ndivyo mtu anavyomshika mwenzake? Kucha zenyewe ndefu. Nani kakuruhusu wewe?"

"Samahani," nasema.

"Na kuku asikione," anasema mama mkwe.

Kuku wote wa uani wanageuka, wanatazama ukuta. Niliyemshika mimi, tetea wa madoadoa, anafumba macho kwa adabu. Na mimi nafumba yangu, ingawa hakuna aliyeniagiza.

"Mshike mpaka atulie." Hilo lilikuwa agizo la mwisho.

Nikakata. Kisu kilifanya kazi yake, kikasema "Haya" kama karani aliyegonga muhuri. Ndipo mabawa yakaanza kupiga na miguu ikanisukuma tumboni, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyekufa. Nikaachia.

Mwili ukaenda zake mbio. Kichwa kilibaki mkononi mwangu, kikafumbua macho.

"Bado yuko hai!" nikapiga kelele.

"Hapana," kikajibu kichwa. "Roho imetoka."

"Itarudi saa ngapi?"

"Imetoka. Sijasema imetoka kidogo. Kile kinachokimbia ni kiwiliwili tu, hakijapata habari."

"Basi kiambie."

"Sipo nacho tena. Umenitoa wewe."

Nikaruka ua wa michongoma kukifuata, nikaangukia ndani ya ofisi ya kata. Watu wamepanga foleni na kiwiliwili kimo katikati yao, kinarukaruka bila kuvuka zamu ya mtu. Kila kinaporuka, kinachafua viatu vya watu.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ananigeukia. "Kaka, kuku huyu ni wako?"

"Simjui," nasema.

"Nimesikia," kinasema kichwa, kiganjani mwangu.

Foleni ikasogea, ikawa ukumbi wa harusi yangu. Nambua alikuwa ameketi mbele na shela lake. Kiwiliwili kinapita kati ya meza, kinajigonga kwenye miguu ya viti, kinaanguka, kinainuka tena. Wageni wanapiga makofi wakidhani ni burudani.

"Mwenye kuku huyu asimame," anasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti.

Nikaketi. Nambua akanitazama, halafu akayatazama maua yake. Safu ya mbele alikuwepo mama mkwe, juu ya kigoda kilekile.

"Anatafuta nini?" nikakinong'oneza kichwa.

"Hatafuti kitu. Yuko peke yake, basi."

Hapo nikainuka. Nilipita mbele ya wageni wote, uso ukiniwaka, nikasimama juu ya kile kiwiliwili. "Umekufa," nikakiambia. "Nimekuua mimi."

Kikaendelea kupiga mabawa.

"Hana masikio," kikasema kichwa. "Masikio ninayo mimi."

"Sasa nifanyeje?"

"Ulishaambiwa."

Napiga magoti. Nayakusanya mabawa, nayabana taratibu, nakiweka kiwiliwili kifuani. Macho safari hii nayaacha wazi. Miguu inanisukuma. Inanisukuma tena. Napumua polepole nikidhani kitaniiga, na pengine kiliniiga, kwa sababu mateke yalianza kupungua, yakabaki ya kidole kimoja kimoja, kisha hata hayo yakaisha. Nilikuwa nikisema pole muda wote, bila kujua namwambia nani.

"Sasa ni wakati wa chakula," akatangaza mshereheshaji.

Wageni wakapanga mstari kunawa mikono. Niliona aibu kuliko pale mwanzo, maana na mimi nilikuwa na njaa.

Nikaamka. Kumeshapambazuka, na Nambua amelala. Nilitoka uani kabla sijanawa uso wala kuzungumza na mtu. Kuku wetu wote wapo, wanachakura. Mama mkwe amechuchumaa bombani, anaosha vikombe vya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelalaje?"

"Salama."

Alinitazama mikono, kwa muda kidogo, akarudi kwenye vikombe vyake.

"Mara ya kwanza wengi huachia," akasema, akimwaga maji. "Lakini kusema humjui, baba?"