Maonyo Mia Mbili ya Nasieku

Mwaka 2001, katika ofisi ya mradi wa mifugo Kilosa, Nasieku alimaliza kuandika programu ya kumbukumbu za chanjo za ng'ombe. Alipoijaribu, kompyuta ikamwaga maonyo mia mbili: kila maelezo ya pembeni aliyoyaandika ndani ya programu na kuyaanza kwa mikwaju miwili (//) yalikiuka kanuni za lugha ya programu.

Mkuu wake, Mzee Elineema, akachungulia, akashtuka. "Binti, mashine imekukataa! Futa yote."

"Haijanikataa, mzee. Inanihukumu kwa kanuni za lugha ya C za mwaka themanini na tisa, zisizoruhusu mikwaju hiyo, na mimi nimeandika kwa za tisini na tisa, zinazoiruhusu."

Akabadilisha mpangilio mmoja tu, mashine ifuate kanuni mpya. Maonyo yote yakatoweka.

Mzee akatazama mlangoni, akanong'ona, "Umeipa chai?"

Nasieku akaangua kicheko.