Ufa Nyuma ya Kichwa

Kila Jumapili asubuhi binti wa fundi mwashi alituma video nyumbani. Alikuwa mwaka wa pili ng'ambo, akisomea upigaji picha, na alimjua mama yake: hali akashiba mpaka amemwona mwanawe kwa macho. Basi alirekodi kila kitu. Foleni ya kituo cha basi, ngazi za maktaba, sufuria yake moja ikichemka, chumba chake cha ghorofa ya tatu. Wenzake chuoni walimwita Jicho. Mama aliangalia uso wa mwanawe, akasema amekonda. Baba, aliyejenga nyumba za watu miaka thelathini na miwili, aliangalia kuta.

Jumapili moja baba alipiga simu mwenyewe, jambo asilolizoea. Alipoitikia shikamoo hakuuliza masomo wala afya.

"Mwanangu, nyuma ya kichwa chako kuna ufa. Unatoka kona ya dirisha, unapanda mshazari. Umeuona?"

Jicho aligeuka. Alikuwa ameuona, akadhani ni rangi tu imebanduka. Akatania kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baba hakucheka. "Huo si ufa wa kuzibwa. Huo ni wa kukimbiwa."

Kumbe alikuwa amehifadhi video zote kumi na moja za tangu ahamie chumba kile, na usiku kucha alizirudia. Kwenye ile ya tatu, ufa ulikuwa mfupi kama kidole. Kwenye ya tisa ulikuwa umegusa dari. Akamwuliza kama mlango unafunga vizuri. Jicho akakumbuka kuwa wiki nzima alikuwa akiusukuma kwa bega, akisingizia unyevu. Baba akamwagiza abandike kipande cha karatasi kwa gundi, kikatize ufa, kisha asikiguse.

Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa imechanika katikati kama iliyopitishwa wembe.

Jicho aliipiga picha, akaipeleka kwa mwenye nyumba, mama mmoja mstaarabu aliyekuwa na ofisi mtaa wa pili. Yule mama alimsikiliza kwa tabasamu. Alisema jengo lile lina umri mkubwa kuliko wao wote wawili, kisha akauliza huyo fundi aliukagua ukuta lini. Alipojibiwa kwamba aliuona kwenye simu, akacheka kidogo, bila ubaya, akamsindikiza mpaka mlangoni. Jicho alirudi uso umemshuka. Alhamisi alikuwa na maonyesho ya picha zake, ya kwanza maishani. Alijiambia baba ana hofu ya mzazi aliye mbali, basi.

Lakini baba hakumwacha. Jumanne saa nne asubuhi alipiga tena, akataka kujua chini kabisa kuna nini. Kuna duka, Jicho akamjibu, limefungwa miezi mitatu kwa ukarabati, na mafundi wanapiga nyundo kutwa. 

"Nenda ukanioneshe. Na usikate simu."

Mafundi walikuwa wametoka kunywa chai. Jicho aliinua turubai la mlangoni, akatanguliza simu. Ukuta mzima wa katikati ya duka haukuwepo. Mahali pake palisimama nguzo nne za chuma, za muda, juu ya vipande vya mbao, na mbao zenyewe juu ya udongo uliolowa kwa bomba lililopasuka. Nguzo moja ilikuwa imeinama. Toka kwenye boriti juu yake vumbi lilichuruzika taratibu, laini kama unga wa chekeche.

"Toka," baba alisema. "Vuka barabara. Usirudi juu hata kwa kiatu."

"Baba, kuna watu juu."

"Nimesema toka."

Alitoka. Alimkimbilia muuza magazeti wa jirani, akamwomba awapigie zimamoto. Kisha akaingia mlango wa ngazi.

Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwake, na huko nyumbani baba aliona ngazi zikirukaruka, vidole ndani ya ndara, ukuta, ngazi tena. Alifoka mara mbili. Alipoona hasikilizwi, sauti yake ikabadilika.

"Basi shika upande wa ukuta wa ndani. Usikanyage katikati."

Ghorofa ya kwanza walitoka wanafunzi wawili. Ya pili alitoka mama na mtoto mchanga, taulo kichwani. Ya tatu, mkabala na chumba chake, aliishi dereva mstaafu na mkewe. Mzee alisimama mlangoni, akagoma. Alikuwa ameishi pale tangu ujanani na hakuona sababu ya kukimbizwa na msichana. Jicho aliishiwa maneno ya lugha ya watu. Akamgeuzia simu.

"Mzee mwenzangu," baba akasema kwa Kiswahili chake, jasho likimtiririka, "nakusihi, shuka."

Mzee hakuelewa hata neno moja. Aliutazama ule uso, akamshika mkewe mkono.

Walikuwa wameshatoka mlangoni, hatua kumi hivi, waliposikia mlio kama gunia zito linaloburutwa juu ya kokoto. Kona ya jengo ikashuka, na dirisha la Jicho likashuka nalo. Vumbi likafunika mtaa. Mtu aliyekuwa akikimbia akampiga Jicho kikumbo, simu ikaanguka, ikazimika.

Dakika arobaini baba alisimama uani na simu yenye kioo cheusi. Mama alimletea kiti, hakukiona.

Hakufa mtu. Mwanafunzi mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Jicho alipoteza kamera yake na picha zote za maonyesho, na kwa siku tatu alikohoa vumbi. Mhandisi wa mji alizichukua zile video kumi na moja, akamhoji baba kwa simu, Jicho akitafsiri. Mkandarasi wa duka na mwenye nyumba wakaitwa mahakamani.

Baba alipompata siku ile kwa simu ya mpita njia, alimwamuru kwanza aoneshe mikono, kisha miguu. Alitazama kila kidole.

"Umeniasi," akasema.

"Nimekuasi, baba."

 Baba akampa mama simu, akaenda zake nyuma ya nyumba, na mama alipomfuata alimkuta ameinama bombani, anaosha uso ambao ulikuwa umekwisha kuoshwa na machozi.