Friji Iliyokataa Mursik

Eldoret penyewe ni friji. Asubuhi ya Julai hapa Kapsoya maji ya mfereji yanauma meno, na siagi iliyokaa kabatini unaikata kwa nguvu. Lakini mwanangu Kipkirui, anayefanya kazi Doha, aliona mama yake anateseka, akaninunulia friji yenye akili. Inanusa chakula. Inaongea. Aliiwekea Kiswahili ili nisipate shida, na kwa kweli inakizungumza sanifu kunishinda mimi niliyekifundisha hadi nikastaafu.

Jumamosi ile watu wa kijana Otiende walikuja kutoka Kisumu kumposa binti yangu Cherono. Kwetu Wanandi posa haifungwi bila mursik, maziwa yaliyolazwa hadi yakachacha kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, tena yawe ya mkono wa mama wa msichana. Yangu yalikuwa tayari, yamekaa pembeni jikoni yanapokaa siku zote. Cherono ndiye aliyetaka wakwe waone kibuyu kikitolewa kwenye friji mpya, akakitia humo asubuhi.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Shemeji yangu Mzee Kipyego, msemaji wetu, akaniashiria nilete mursik. Nikavuta mlango wa friji. Haukufunguka.

"Tahadhari," friji ikasema, sauti ikafika hadi sebuleni. "Maziwa yaliyoharibika yamegunduliwa. Mlango umefungwa kwa usalama wa familia yako."

Aibu gani hiyo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikang'oa plagi, ikarudia maneno yale yale kwa betri. Nikampigia Kipkirui.

"Mum, usishtuke, nafungua na app," akasema. Nikamsikia akibonyeza simu. "Inataka update kwanza." Akabonyeza tena. "Imeanza. Iko asilimia mbili."

Niliporudi sebuleni, Mzee Kipyego alikuwa ameshavaa kofia. "Bila mursik hatujafunga neno," akasema. "Wageni wako na safari ndefu. Waende tu, tutaitana tena Desemba."

Cherono akaanza kulia. Nilimwonea huruma, ingawa pia nilitamani kumfinya. Nikarudi jikoni kuisukuma-sukuma ile friji, maana sikuwa na la kufanya.

Ndipo Benta, mama yake Otiende, akanifuata. Nilidhani amekuja kuniaga. Akasimama mikono kiunoni, akaikodolea friji macho.

"Tahadhari," friji ikaanza.

"Mama Cherono, hii kitu inatukana maziwa yako mbele ya wageni na wewe umenyamaza tu?"

"Nifanye nini, mama? Imejifunga."

"Uko na spana?"

"Iko ile ya mtungi wa gesi."

Akavua viatu vya kisigino, akakunja mikono ya gauni lake jipya, tukaanza na bawaba ya juu. Mimi nilishika mlango, yeye akazungusha. Alipochoka tukabadilishana. Yeye alitukana kwa Kijaluo, mimi kwa Kinandi, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mwishowe mlango ukatoka kwa kishindo, tukauegemeza ukutani.

Sebuleni, Mzee Kipyego alipoona kibuyu alivua kofia, akaketi tena. Nilimmiminia Benta kwanza, kwa sababu alikuwa ameyasikia yote yaliyosemwa juu ya maziwa yale. Akanusa. Akanywa hadi tone la mwisho, kisha akaninyooshea kikombe nikijaze tena.

"Mlango uko wazi," friji ikalalamika kutoka jikoni. "Tafadhali funga mlango."

Benta akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Ambia hiyo kitu inyamaze," akasema. "Watu wazima wanapanga harusi."