Mtu Niliyemwona Kibondo

Mimi ni mnunuzi wa nta, na mnunuzi wa nta asiye na maneno hafiki popote. Mwaka huo wa sabini na tano nilikuwa natoka Kasulu kila mwezi, Jumatatu mpaka Ijumaa, nikidandia malori ya watu hadi Kakonko. Na huku Buha msafiri hapewi nta tu. Anapewa na salamu: mwone shangazi yangu, mwulizie kaka, mwambie fulani mtoto amepona. Ukizifikisha, safari ijayo unawekewa nta safi. Usipozifikisha, unauziwa nta yenye mchanga na nyuki wafu, na hakuna wa kumlalamikia.

Immakulata wa Kagerankanda alikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na sufuria moja na jina la mumewe, Ndihokubwayo. Walipotezana mtoni wakivuka. Mara mbili aliniomba nimwulizie Kibondo, na mara mbili nilisahau. Mara ya tatu nilimkuta amesimama barabarani ananisubiri. Mvua ilikuwa inakuja, miguu inaniuma, na sikuweza kuutazama uso ule nikasema nimesahau tena.

"Nimemwona," nikasema. "Amekonda. Anavaa sweta ya kijivu, ana kikohozi kidogo. Anakusalimu sana."

Akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kama wanavyoshukuru kwao. Mimi nikajiona mtu mwema. Nililala fofofo siku hiyo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Safari iliyofuata, Jumatatu, mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikamwuliza jirani yake, Epifania.

"Amemfuata mumewe," akasema. "Ameondoka Ijumaa na mzigo kichwani. Si wewe uliyemwona, Tamimu?"

"Na asipomkuta Kibondo?"

"Amesema atavuka, akamtafute kwao."

Waliovuka kurudi Burundi kutafuta ndugu zao tuliwajua kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Nikaacha nta ya watu wa Kagerankanda bila kuipima.

Jumanne nilikuwa Kabanga. Muuza ndizi wa njia panda alimkumbuka mara moja. "Nilimwambia mumewe amepita hapa, anaelekea kaskazini," akasema.

"Kwani alipita?"

"Najuaje mimi? Tamimu, ungeyaona macho ya yule dada, hata wewe ungesema."

Nikashika njia ya Kibondo.

Jumatano nilipata lori la Venanti, dereva mmoja mwenye domo kuliko mimi. Tulikwama mara nne kwenye tope, tukakata matawi, tukasukuma, tukatukana. Tulipokuwa tunanawa, nikamwuliza kama amemsikia Mrundi anayeitwa Ndihokubwayo.

"Yule mwembamba? Mwenye sweta ya kijivu?" Venanti akajipiga kifuani. "Anakohoa hapa. Nimempakia mwenyewe mwezi uliopita."

Sweta ile niliishona mimi, kwa mdomo, nikiikimbia mvua. Kikohozi nilikitoa hewani. Nikamwuliza amesikia wapi habari za sweta. Akakasirika, akasema hakusikia, ameona. Tukaendelea mpaka Kibondo. Kila mwanamume aliyesimama pembeni ya barabara nilimtazama shingo na mikono, nikitafuta rangi ya kijivu, na mara mbili niliiona.

Zena, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa amemlaza Immakulata bure. "Nikamwambia nilimpa mumewe maji ya kunywa," akasema, huku anaepa macho yangu. "Watu wangapi wanakunywa maji hapa, Tamimu? Labda nilimpa. Ameshatangulia Kakonko, anataka kuvuka." Alhamisi kutwa nzima hakukuwa na gari la kwenda Kakonko. Watu walinijia na nta, nikawaambia mizani imeharibika. Nikakaa barazani nikisikiliza kama kuna lori linalokuja.

Ijumaa mchana nikamkuta. Alikuwa ng'ambo ya Kakonko, kwenye mahame. Mwaka uliotangulia watu wa pale walihamishiwa kijiji kipya cha barabarani, na nyuma zilibaki kuta zisizo na paa, migomba iliyosongwa na magugu, na makaburi yao. Immakulata alikuwa amekaa penye kivuli cha ukuta, anakaza kamba ya mzigo. Njia ya mpakani ilianzia hapo.

"Yemwe, Tamimu!" akaniita kwa Kirundi, kwa furaha. "Na wewe umekuja?"

Nikamwambia yote. Sikujitetea. Nikasema sikumwona, sijapata kumwona, nilidanganya kwa sababu nilichoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Alikukataza kusema," akasema. "Anaogopa. Ni kawaida yake."

"Dada, nakuapia."

"Wa Kabanga wamemwona. Dereva amemwona. Mama wa Kibondo amempa maji. Wewe peke yako ndiye hukumwona?" Akanihurumia, mimi! "Na kikohozi ulikijuaje? Alikuwa nacho tangu ujana."

Akasimama, akajitwika mzigo. Niliushika mkono wake, akautoa taratibu. Akapiga hatua kumi, ishirini. Nikaona atafika mtoni kabla ya jua kuzama, na ukweli niliokuwa nao haukuweza kumsimamisha hata kidogo.

"Amekufa!" nikapiga kelele. "Nilimzika mimi mwenyewe! Nimeshindwa kukwambia!"

Akasimama. Mzigo ukaanguka, naye akaketi chini njiani. Hakulia. Akashika miguu yake, akauliza, "Wapi?"

Nikatazama huku na huku. Nikamwongoza katikati ya magugu mpaka kwenye kaburi moja lisilo na msalaba wala jina, la mtu ambaye watu wake walishahamishwa. "Hapa," nikasema.

"Aliteseka?"

"Hapana. Aliondoka kwa utulivu."

"Ego," akaitikia kwa lugha yao. Akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu kwa mikono, moja moja, kuanzia upande wa kichwa. Nami nikapiga magoti nikamsaidia.

Hakuvuka. Alinyoa nywele, akaomba kiwanja katika kijiji kile kipya ili awe karibu na kaburi, na yuko hai mpaka leo. Mimi bado nanunua nta. Lakini kila lori linaposimama, kabla sijateremsha mizani, nawapitia kwanza wanaume waliosimama pale. Namtafuta mwembamba anayekohoa. Na Mungu anisamehe, naomba nisimkute.