Muziki wa Shimo Lililofukiwa

Millicent Adoyo hakuwa na piano wala kinanda. Hakuwa na cheti cha chuo chochote cha sanaa, na zile noti za muziki zenye kichwa cheusi na mkia hakuijua hata moja. Hakuwa na karatasi kubwa za kuchorea, ndiyo maana alichora nyuma ya mabango ya plastiki yaliyoachwa na wanasiasa baada ya uchaguzi. Hakuwa na mume, na waliomhurumia kwa hilo hakuwa na muda nao. Hakuwa na subira. Na tangu mvua za masika hakuwa na mwili wa ndugu yake Levi, aliyeingia katika shimo la dhahabu la Bwana Boaz, upande wa Uriri, asionekane tena.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika majina ya maduka na vinyozi. Chumba chake cha kazi, pale sokoni Uriri, kilikuwa na ukuta mmoja aliozoea kupangusia brashi. Siku moja Ochieng, mpiga orutu, aliingia humo kungoja mvua ipite. Orutu ni zeze la uzi mmoja, na aliyelishika hawezi kukaa bure. Akautazama ukuta ule, akaanza kuupiga kutoka kushoto kwenda kulia: penye mstari mnene alikaza upinde, penye vitone alidonoa kwa kidole, na palipokuwa peupe alinyamaza. Millicent akaliacha neno "Hoteli" likiwa nusu.

Tangu siku hiyo alichora muziki. Alichora siku ya soko ya Kosele, ambako ndiko kwao. Alichora mvua juu ya mabati. Alichora ugomvi wa wake wenza wawili wa jirani, na wenyewe walipoletwa kuusikia walikubali kwamba hakuna aliyependelewa. Mpigaji wa pili alikuwa Jeremiah, Mkuria wa Ntimaru aliyekuja Uriri kuuza mahindi akiwa na iritungu lake, kinubi cha kwao chenye sauti nzito.

"Hii ni muziki ama ni matumbo ya mbuzi?" Jeremiah aliuliza alipoonyeshwa bango la kwanza.

"Muziki. Anza hapo kwa kijani."

"Kijani ndiyo nyongo?"

"Piga, omera, ndugu yangu, wacha mdomo," alisema Ochieng.

Shimo la Boaz liliporomoka asubuhi, watu wakiwa kazini. Miili ya wachimbaji wawili ilitolewa, ikazikwa makwao. Boaz alitangaza kwamba waliokuwa ndani ni hao tu. Levi, alisema, alipanda juu mapema, akavuka mpaka pale Isebania kwenda kutafuta machimbo mengine Tanzania, kwani vijana wa siku hizi hawatulii. Kisha akaleta lori la udongo, shimo likafukiwa.

Sasa, Mjaluo akipotea asionekane mwili, kama vile aliyezama ziwani, wazee huagiza yago. Yago ni tunda refu la mti, lenye urefu wa mkono wa mtu kuanzia kiwiko. Huvishwa shuka, huitwa jina la marehemu, hulazwa kaburini na kuliliwa, na kila mtu huenda zake akiwa ametosheka. Lakini mtu ambaye huenda yu hai hazikiwi yago, maana kufanya hivyo ni kumwitia kifo. Wazee wa Kosele walimsikia Boaz, wakasema tungoje kijana arudi kutoka Tanzania.

Mama yao, ambaye wote walimwita Min Levi, aliacha kutia komeo mlangoni. Kila jioni alimwekea mwanawe chakula, na kila asubuhi kuku walikila. Mbwa akibweka, alitoka. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, alitoka. Alikula akiwa amesimama, alimenya viazi amesimama, na alianza kusinzia amesimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

"Mama, keti basi," Millicent alimwambia.

"Nikiketi atapita."

Millicent alirudi Uriri, akalichora shimo. Aliwauliza waliowahi kulichimba: kamba inateremka kiasi gani, ni wapi mtu anaanza kutambaa, maji yanadondoka wapi. Alichora mstari mweusi ulioshuka, kona, kisha mstari wa kahawia ulioinama kwenda kulia. Alilitundika bango, Ochieng na Jeremiah wakaanza kupiga. Walipofika kwenye kona, chini ya sakafu ya saruji mtu alianza kugonga kwa nyundo.

Ochieng alisimamisha upinde. Kule chini nako kukanyamaza, kukingoja.

"Huyo wa chini anakimbia," alisema Ochieng.

"Ni Levi," alisema Millicent. "Hata kanisani alikuwa anapiga makofi kabla ya wengine."

"Basi mwambie atungoje kwa kona."

Millicent alipiga magoti, akaiambia sakafu. Walipoanza tena, Levi aliwangoja kwenye kona, wakaingia pamoja. Jeremiah alisema kwamba hapo sasa wimbo umepata miguu, na tangu mwanzo yeye alikuwa akihisi kuna mtu amekosekana.

Asubuhi iliyofuata bango lilikuwa na alama mpya. Zilikuwa za udongo mwekundu, nazo zilitokeza kutoka upande wa pili, zikipenya uso wa mgombea aliyechapishwa huko. Levi alikuwa amesahihisha. Njia ya chini ilikuwa ndefu kuliko walivyomwambia Millicent, na mwisho wake palikuwa na vitone vingi, vingi mno, vilivyosongamana kama siafu. Baada ya vitone palipakwa udongo mzito uliofunika kila kitu hadi pembeni mwa bango. Katikati ya udongo ule paliachwa nafasi nyembamba, nyeupe.

Vitone Millicent alivielewa kuwa ni nyundo. Yale mengine aliyaelewa waliposhika vyombo. Walipoufikia udongo, chini ya sakafu lilinguruma lori. Lilirudi nyuma, likainua mgongo, udongo ukamwagika. Pale penye nafasi nyeupe injini ilizimwa, na nyundo ikasikika peke yake, wazi kabisa. Kisha sauti ya mtu ikasema, "Endelea." Injini ikawaka tena. Baada ya hapo hapakuwa na kitu hadi mwisho wa bango, nao wakanyamaza kwa urefu wote huo, kwa sababu ndivyo ilivyochorwa.

Jumamosi walilipeleka bango Kosele. Wazee waliitwa, na Boaz akaalikwa, kwa kuwa si vizuri mtu asemwe akiwa hayupo. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akawasalimu wote kwa mkono kuanzia mkubwa. Bango lilifungwa kwenye ukuta wa nyumba, wapigaji wakaketi, na muziki ukapigwa adhuhuri mbele ya watu na kuku. Levi aliingia vizuri. Lori nalo lilikuja.

"Hiyo lori naijua," alisema mzee Cephas, mkubwa wa ukoo. "Ndiyo ilituletea mchanga wa kanisa. Gia ya pili inalia hivyo hivyo."

"Ilikuwa inalia, Jaduong'," Boaz alijibu. "Nimeshatengeneza."

Wakafika kwenye nafasi nyeupe. Nyundo iligonga chini ya miguu yao, na ile sauti ikasema, "Endelea." Min Levi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama mgeni.

"Hiyo ni sauti yako, Boaz."

"Ni yangu, mama," alisema Boaz kwa heshima.

Chai ilipitishwa. Mzee Cephas aliipuliza yake kwa muda.

"Kwa hivyo kijana aligonga, mkamsikia, halafu mkamwaga."

"Shimo wazi ni hatari, Jaduong'. Kuna watoto pale, kuna ng'ombe za watu. Na kama ningechimbua, upande mzima ungekuja chini."

"Ungekuja?"

"Ungeweza."

Wazee walisogeleana, wakanong'ona, wakarudi. Mzee Cephas alisema kwamba jambo lililoletwa mbele yao lilikuwa moja tu: kama Levi amekufa au yuko Tanzania. Sasa limejulikana. Yago itafutwe. Walimshukuru Boaz kwa kuacha shughuli zake, na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, walimwomba afunge kwa sala. Sala yake ilikuwa fupi na nzuri.

"Na lile la lori?" Millicent aliuliza, wengine wakiwa bado wamefumba macho.

Elkana, naibu wa chifu, alikohoa. "Hilo, dada, linataka ripoti. Ripoti inataka shahidi aandikishe na atie sahihi mbele yangu."

"Shahidi umemsikia."

"Nimemsikia, na sikatai. Aje ofisini."

"Hawezi kutoka."

"Sasa hapo ndipo mnanipa kazi ngumu." Alilitazama bango, akaguswa kidogo. "Andikia wakubwa Nairobi. Hii picha uitie ndani. Wao wana wataalamu."

Yago ilizikwa Jumatano, upande wa kushoto wa lango, mahali pa mtoto wa kiume. Millicent aliandika jina msalabani kwa mkono wake. Walilia vizuri. Jioni hiyo Min Levi alitia komeo mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akala ugali wake wote, akalala hadi kuku walipomwamsha.

Wengi walidhani Levi naye atapumzika. Hakupumzika. Ochieng akishika orutu, hata kwa wimbo wa kanisa, nyundo iliingia. Ilimfuata hadi harusini Rongo, na bibi harusi aliicheza vizuri kuliko ngoma, mpaka lilipokuja lori, akangoja kando lilipokuwa likimwaga, kisha akaendelea. Watu walianza kumwalika Ochieng kwa ajili hiyo. Yeye mwenyewe alikonda. Jeremiah alirudi Ntimaru, akatuma habari kwamba huko nako, chini ya kibanda cha tumbaku, kunagongwa.

Millicent hakuweza kuandika jina la duka bila herufi kuinama kwenda kulia. Alitoka nje, akaingia, akatoka. Kutoka mlangoni pake aliweza kuona kilima ambako Boaz alikuwa amefungua shimo jipya, mkabala na lile la zamani. Vijana walipanga foleni pale tangu alfajiri. Baadhi yao walikuwa wamehudhuria mazishi ya yago, na waliijua sehemu ya Levi kwa moyo. Waliipiga mluzi wakiteremka kwa kamba.

Mwishowe aliinakili michoro yote kwenye karatasi ndogo, kila kitone mahali pake, akakamilisha kazi hiyo akiwa amesimama. Juu yake aliandika barua: jina la ndugu yake, jina la mwenye shimo, na ombi kwamba shimo lichimbuliwe, na lile jipya lifungwe kabla mvua hazijarudi. Alikwenda posta mjini Homa Bay, kwa kuwa huko hakuna aliyemjua Boaz, akapanga foleni.

Karani wa dirishani aliipokea bahasha, akaipindua, akaiweka sikioni.

"Kuna kitu kinagonga humu. Ni cha kuvunjika?"

"Hapana. Ni ndugu yangu."

"Mkubwa ama mdogo?"

"Mdogo wangu."

"Basi usimtume kwa barua za kawaida. Huko watu hupotea. Mpeleke kwa rejista."

Alimrudishia aifunge. Millicent alilamba gundi, akakunja ukingo, akaukandamiza kwa kiganja hadi ukashika. Karani akabandika stempu, akagonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye gunia la Nairobi pamoja na nyingine, akaliburuta gunia kwa mguu kando ya kiti chake.

"Anayefuata," alisema.