Mfereji Mkavu wa Kasobele

Silvesta alikuwa mtu wa kushuku. Mkewe Matilda alizoea kusema kwamba mume wake akiulizwa habari za asubuhi, huwaza kwanza zinatakiwa kwa sababu gani. Kazi ya kukagua migodi ilimfaa basi. Januari ile ya 1998, mvua za El Nino zikimwagika bila huruma, ofisi yake ya Mpanda ikamtuma kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kasobele, akaangalie mifereji na mlima wa kifusi.

Kifusi ni yale mawe na udongo unaotolewa ili makaa yafikiwe. Pale Kasobele kilirundikwa mtelemkoni, na chini yake, karibu kabisa, zilijengwa nyumba za wafanyakazi, wengi wao Warundi waliotoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Kifusi kikilowa sana huporomoka. Silvesta alitakiwa ahakikishe hakitawaangukia.

Meneja Eustace alimpokea kwa tabasamu pana kuliko mlango wa ofisi yake. "Karibu sana, mkaguzi. Leo huna kazi. Nenda kauone mfereji wetu, hata viatu hutachafua."

Machale yakamcheza Silvesta palepale. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, gari lake limekwama njiani zaidi ya mara moja, na mfereji wa chini ya kifusi ulipaswa uwe unafoka maji meusi. Akaukuta mkavu. Ulikuwa umefagiwa, kingo zimenyooka, na ndani yake amekaa chura mmoja tu, naye anaonekana kushangaa.

Kifusi chenyewe kilipendeza. Kilikuwa kimekatwa mitaro ya kulala, iliyokingama mtelemko, mmoja juu ya mwingine, na kila mtaro umepandwa majani ya mabingobingo yaliyostawi vizuri. Aliyefanya yote hayo ni Révérien, msimamizi wa kifusi, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotulia akihojiwa na mtu wa serikali.

"Maji yako wapi?" Silvesta akamuuliza.

"Hayapo, shefu."

"Hilo naliona. Mmeyapeleka wapi? Mmefukia bomba? Mnayamwaga mtoni watu wanywe uchafu?"

"Hakuna bomba, shefu. Maji yamekaa."

"Usinipige chenga, bwana. Maji hayakai mlimani. Wewe ni mwongo, na huyu meneja wako ndiye mwalimu wako. Nikilipata hilo bomba, kibali chako cha kukaa hapa nakichana mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa sauti ya juu, mpaka akina mama waliokuwa wakichambua maharage kambini wakasikia.

Asubuhi nzima Silvesta alitafuta bomba. Alipekua vichaka, akachungulia korongoni, akamfokea hata mlinzi aliyemletea mwavuli, akidhani ametumwa kumpeleleza. Eustace alimfuata nyuma akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mkaguzi hodari, mkaguzi mwenye jicho, sasa twende tukale kuku. Bomba halikuonekana.

Mchana akarudi kwenye kifusi, amechoka na amekasirika. Akaitazama mistari ya mabingobingo. Ya juu ilikuwa imenyooka. Ya chini ilikuwa imepinda katikati na kutokeza nje kama tumbo la mtu aliyeshiba, na hakuna mkulima anayepanda hivyo. Akachukua mtalimbo, akauchoma pale palipotuna, akauchomoa. Maji meusi yakamrukia kifuani.

Hakuna mtu aliyeyaficha maji. Kifusi kilikuwa kimeyanywa.

"Nani alikuambia ukate mitaro hii?" akamuuliza Révérien, aliyekuwa amesimama mtaro wa juu yake.

"Hakuna, shefu. Kwetu milimani ndivyo tulivyolima, nimejifunza kwa baba. Unakata mtaro wa kulala, unapanda majani, maji yanatulia, yanaingia taratibu, udongo haukimbii. Mwaka jana tope lilikuwa linatuingilia mpaka jikoni. Nilipokata mitaro likakoma." Akaonyesha kidole tundu lililokuwa likitoa maji. "Nilikuambia maji yamekaa."

Kweli alikuwa amemwambia. Silvesta aliona aibu, lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika upya. "Shambani ni sawa kabisa," akasema. "Lakini hiki ni kitu kilichomwagwa, hakijashikana na ardhi. Kikijaa maji kinaondoka chote. Watu watoke sasa hivi."

Wakashuka kambini. Silvesta akapaza sauti, watu wapande ng'ambo ya bonde haraka. Hakuna aliyeinuka.

"Asubuhi ilikuwa kibali," akasema mama mmoja, akiendelea kuchambua maharage yake. "Sasa ni mlima. Nyie mkitaka kutufukuza, semeni tu."

Silvesta akaapa kwamba anasema kweli. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, na angekuwa yeye amekaa pale asingeyaamini. Eustace, aliyekuwa ameshuka nao, naye akadakia kwamba mkaguzi anakuza mambo. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

Révérien hakubishana na mtu. Alikwenda nyumbani kwake akaanza kung'oa mlango. Watu wale walishahamishwa mara nyingi, na kwao anayeondoka kwa kutishwa hubeba sufuria na blanketi, mlango akauacha, maana anatumaini kurudi. Anayeng'oa mlango ameshakubali kwamba nyumba imekwisha. Bawaba zilipolia, kambi nzima ikasimama, na muda si mrefu watu walikuwa wanatoka, watoto mgongoni, kuku kwapani.

Akabaki mama yake, bibi Vénérande, kwenye kigoda chake. "Nilikimbia na wewe umenishika kitenge," akamwambia mwanawe. "Nikahamishwa tena nikiwa mjane. Miguu imekataa."

Révérien akalaza mlango chini, akamweka mama yake juu yake, akamtazama Silvesta. Silvesta akashika upande wa pili. Wakapanda ng'ambo mvua ikiwachapa, huku bibi akilalamika kwamba huyu wa mbele anatembea kama amelewa.

Walikuwa wameshafika juu pale kifusi kilipoondoka. Kilishuka na mabingobingo yake yakiwa yamesimama, kikapita juu ya mfereji, kikapita juu ya nyumba, kikatulia bondeni. Hakuna paa lililoonekana tena. Watu wakaitana majina, na kila aliyeitwa akaitika. Révérien alikaa kwenye matope akilia wazi, akisema ni mikono yake iliyofanya vile.

"Ningekusikiliza asubuhi," Silvesta akamwambia, "tungetoa na vitu."

Aliyejibu ni Vénérande, akiwa bado amelala juu ya mlango, akamvuta Silvesta shati.

"Wewe ndiye wa serikali?"

"Ndiyo, bibi."

"Mlango ninao. Nionyeshe basi tuuweke wapi."