Bahasha Nyuma ya Jalada

Soraya aliingia dukani na diski mkononi, akaitupa juu ya meza. Wateja wawili waliokuwa wakicheza mbele ya televisheni waligeuka.

"Ulijua," alimwambia Fayçal.

Fayçal alikuwa mume wa binamu yake, na duka lake la kukodisha michezo ya video lilikuwa nyuma ya soko la Moroni. Soraya alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, baada ya wanamgambo kupigana mitaani na risasi kupenya dirisha la jiko ikamuua mdogo wake, Imane. Tangu hapo hakuwa akilala wala kula. Ndipo Fayçal alipompa mashine na mchezo mmoja, akamwambia utamwondolea mawazo.

Na kweli ulimwondolea. Siku tisa alimwongoza yule binti wa mchezoni kupita mashamba na milima, akampenda mdogo wa binti huyo, aliyemfuata kila aendako. Siku ya kumi, baada ya alasiri, askari wa mchezoni walivunja mlango. Yule mdogo akaanguka karibu na meko. Soraya alijikuta uvunguni mwa kitanda, hajui amefikaje.

"Nilijua," Fayçal alisema. "Lakini shemeji, ningekwambia ningeuharibu. Utamu wote uko pale."

"Nimemzika Imane. Wewe ukanipa nimwone akifa tena, vitufe nimeshika mwenyewe."

Akanyakua kalamu, akaandika juu ya jalada: MDOGO WAKE ANAUAWA NA ASKARI.

Moinaidi, mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale wateja, akasimama. "Dada, mchezo huo ninao nyumbani, nimo katikati yake wiki ya tatu sasa. Umeniharibia."

"Umeharibiwa mchezo," Soraya alisema. "Pole sana." Akatoka.

Siku ya tatu Fayçal akamwita. Nyuma ya kila jalada alikuwa amebandika bahasha yenye onyo ndani kuhusu atakayekufa mchezoni. Asiyetaka kujua asingelazimika kuifungua. Juu ya kila bahasha alikuwa ameandika: KWA WANZUANI, yaani watu wa kisiwa alikotoka Soraya.

Soraya aliisoma mara mbili. Wiki hiyo vijana wa Moroni walikuwa wakiwasaka Wanzuani, wakisimamisha watu barabarani na kuwauliza kwao wapi.

"Kwa hiyo atakayefungua hapa, wateja wako wote wajue katoka wapi?"

"Sikukusudia, shemeji."

"Hukukusudia na ile ya kwanza."

Alizibandua zote, akaandika mpya kwa mkono wake: KWA ALIYEFIWA. Kalamu ilikuwa ikitoboa karatasi.

Alikuwa bado anaandika Moinaidi alipoingia kurudisha diski. Mwalimu alichagua mchezo wa vita, akaugeuza, akaifungua bahasha palepale na kusoma.

"Kaka yangu alikuwa askari," alisema, akiurudisha rafuni. "Walipelekwa Mutsamudu mwaka juzi. Hakurudi."

Soraya alijua askari hao walikuwa wamekuja mjini kwao kuzima uasi kwa risasi.  Akachukua bahasha nyingine, akaendelea kuandika: KWA ALIYEFIWA.